Mashine Iliyokwisha Kushukuriwa

Ipo nchi moja, na msitake kujua ni ipi, kwa maana wenyewe wamekataza isitajwe mpaka itakapokuwa tayari. Huko mvua hunyesha kama kwingine, watu huzaliwa na kufa kama kwingine, na ukiuliza habari utajibiwa njema hata kama nyumba inaungua. Tofauti ni moja tu: nchi hiyo ina Wizara ya Kufiksi.

Wizara hiyo ilianza kwa jino. Mtukufu Rais alikwenda ng'ambo kutibiwa gego lililooza, na alipokuwa amelala mdomo wazi umejaa pamba, akamsikia daktari wa huko akitumia kitenzi kimoja cha Kiingereza kwa kila jambo. Jino bovu, fix. Tarehe ya kurudi, fix. Chakula cha mchana, fix. Picha iliyolegea ukutani, fix. Hata paka dume wa jirani, aliyekuwa akipiga kelele juu ya mapaa, alipelekwa kuhasiwa kwa kitenzi hicho hicho.

Rais alirudi na jino jipya na wazo jipya. Akaliuliza baraza lake: kwa kazi hizo zote, sisi tuna vitenzi vingapi? Waziri wa Lugha akahesabu kwa vidole: kutengeneza, kupanga, kupika, kupachika, kuhasi, akaishiwa vidole. Rais akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ndiyo maana hatuendelei," alisema. "Wenzetu wanafanya kazi ishirini kwa kitenzi kimoja. Sisi tuna vitenzi ishirini na hatufanyi hata kazi moja."

Baraza lilipiga makofi mpaka chai ikapoa.

Wizara zote zilizokuwa na kazi zikavunjwa, zikaunganishwa kuwa moja, na jengo la ghorofa kumi na nane likasimamishwa. Kila ghorofa ilipewa maana moja ya kitenzi, kila maana ilipewa mkurugenzi, na kila mkurugenzi alipewa gari na mtu wa kumfungulia mlango. Ghorofa ya kwanza walifiksi bei. Ya pili walifiksi tarehe. Ya tatu walifiksi picha ya Rais ukutani. Ya tano walifiksi macho, yaani waliwakodolea raia waliocheka bila sababu inayojulikana. Ya saba walifiksi mechi, na ya nane walifiksi uchaguzi. Hao walikuwa na zulia zito na kiyoyozi kisichozimwa. Juu kabisa walikuwa watu wa paka. Vijana wa vijiweni walikuwa na neno fiksi tangu zamani, kwa maana ya uongo, lakini hao hawakualikwa kwenye kikao.

Ghorofa zilipokwisha kugawanywa ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba kamusi ina maana nyingine tena, iliyoandikwa ya kwanza kabisa: kutengeneza kilichoharibika. Maana hiyo ikapewa chumba chini ya ngazi, ubavuni mwa choo.

Humo ndimo alimopangiwa kazi Tamimu.

*

Tamimu alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya ufundi wa vifaa vya hospitali, bisibisi sita ndani ya mkoba wa turubai, na imani moja: kwamba serikali ni watu, na watu ukiwaeleza vizuri huelewa. Mkuu wake alikuwa Bwana Shomvi, Kaimu Mkurugenzi wa Maana ya Kutengeneza, mtu mpole mwenye kikombe kikubwa, aliyekuwa kaimu kwa miaka kumi na mmoja. Kwa miezi minne Tamimu alikaa pale akingoja kitu kibovu. Hakikuja. Nchi ilikuwa imejaa vitu vibovu, lakini watu walikuwa hawajui kwamba chini ya ngazi kuna mlango; waliouona waliudhani ni wa choo.

Asubuhi ya tarehe kumi na nne akaingia mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, gauni jeupe la uuguzi limekunjwa ndani ya kikapu lisichafuke njiani.

"Hapa ndipo panapotengenezwa vitu, mwanangu?"

"Ndipo, mama. Karibu ukae. Hapa tunasema kufiksi."

"Semeni mtakavyo. Naitwa Staajabu, ni muuguzi wa wodi ya wazazi kule bondeni. Kiota chetu kimekufa."

Kiota, akaeleza, ni sanduku la kioo la kuwapa joto watoto njiti. Walikuwa nalo moja tu. Usiku wa juzi umeme ulikatika, uliporudi Kiota hakikuwaka tena. Na asubuhi yake akazaliwa mtoto wa kike wa gramu elfu moja na mia nne.

"Mama yake, Mwanamvua, amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Hajalala tangu hapo. Akizidiwa na usingizi nampokea mimi. Nami nina wazazi kumi na wanne, mwanangu, na mwili wangu ndio huu mmoja."

"Taa ya mbele inawaka?"

"Haiwaki."

"Hata mlio hakina?"

"Kimya."

Uso wa Tamimu ukang'aa kama wa mtu aliyepata swali alilolisoma. "Ni fyuzi, mama. Kipande cha kioo, urefu wake kama kucha ya kidole gumba. Kazi ya dakika tano." Alikwisha kushika mkoba.

Bwana Shomvi aliweka kikombe chini. "Shukrani iko wapi?"

"Shukrani gani, mzee?" aliuliza Bi Staajabu.

Ikabidi aelezwe. Miaka ya nyuma raia mmoja alijengewa daraja, akavuka, akaenda zake bila kusema asante. Mtukufu Rais aliumia sana. Tangu siku hiyo ukawekwa utaratibu kwamba shukrani itangulie, ili isije ikasahauliwa. Mwombaji huandika Hati ya Shukrani katika nakala tatu, akaeleza jinsi kazi ilivyofanyika vizuri, akatia sahihi. Ndipo kazi hufikiriwa.

"Mimi nitashukuru kitakapowaka," alisema Bi Staajabu.

"Ah, dada yangu," alisema Bwana Shomvi kwa upole. "Huko si kushukuru. Huko ni kukagua."

Bi Staajabu alikuwa mwanamke aliyelelewa akaleleka. Kwao mtu hukaribishwa chakula akasema ahsante kabla sahani haijafunuliwa. Akaona, kama ni neno tu, neno halimpunguzii mtu. Naye Tamimu, kwa kuwa alitaka jambo liende upesi, akakaa naye akamwandikia kwa mwandiko wake mzuri: Tunashukuru kwa dhati ya mioyo yetu kwa mashine yetu iliyofiksiwa leo tarehe kumi na nne, ambayo sasa inatoa joto la kutosha usiku na mchana, na watoto wamelala salama.

"Hapa 'wamelala salama' ni akina nani hao?" aliuliza muuguzi, kalamu mkononi.

"Ni utaratibu tu, mama. Kesho nitakuwa kwenu."

Akamtazama kijana usoni, akaona hadanganyi, akatia sahihi mara tatu.

*

Kesho yake ruhusa haikutoka. Keshokutwa haikutoka. Siku ya nne jalada lilirudi, limepigwa muhuri mkubwa wa zambarau: IMEFIKSIWA. Chini yake Waziri mwenyewe alikuwa ameandika kwamba hiyo ndiyo shukrani nzuri kuliko zote za mwaka, na kwamba Siku ya Kufiksi, itakayokuwa wiki ijayo, itaadhimishwa hapo hapo wodini, Mtukufu Rais akihutubia.

Bwana Shomvi alisimama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akampa Tamimu mkono. "Una kalamu, kijana. Utafika ghorofani."

"Lakini mzee, mashine haijatengenezwa."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyekwenda. Mimi ndiye niliyekuwa niende."

Bwana Shomvi alifunua jalada taratibu, kama mtu anayemwonesha mtoto picha. "Sahihi hii ya nani?"

"Ya Bi Staajabu."

"Anasema nini?"

"Anasema inatoa joto."

"Usiku na mchana, anasema. Wewe unataka kumwita mama wa watu mwongo?"

"Naomba fyuzi moja tu stoo, mzee. Niende mchana nirudi jioni."

"Ukafanye nini? Ukakifiksi kilichofiksiwa? Mwanangu, kitenzi hiki kina maana nyingi, nimezisoma zote. Hiyo haimo."

Fyuzi madukani hazikuwapo. Tangu Wizara ianzishwe, kuingiza vipuri nchini kulikatazwa. Mtu aletaye kipuri huyo anadokeza kwamba kuna kitu kimeharibika. Kwa hiyo Tamimu, akiwa bado na imani yake, alipanda ngazi kwenda kuwaeleza watu vizuri. Watu wa bei walimsikiliza kwa makini, wakaipandisha bei ya fyuzi ambayo haikuwepo. Watu wa tarehe walimfiksia tarehe, mwezi wa kumi na moja wa mwaka ujao. Wa ghorofa ya tano walimkodolea macho mpaka akashuka.

Ni watu wa picha tu waliochukua hatua. Jioni ile ile walifika wodini wanaume wawili na ngazi na keekee ya kutobolea. Bi Staajabu alipowaona na vyombo vyao aliwakimbilia, akawashika mikono, akawaonesha Kiota. Wakafanya kazi robo saa, wakaenda zao bila kuaga.

Tamimu alipofika siku ya pili yake, kwa mguu, bila ruhusa, alimkuta amekaa kwenye benchi mlangoni.

"Walikuja mafundi wenu," alisema muuguzi. "Wamempigilia Rais."

Ilikuwa kweli. Picha ya Mtukufu, ndani ya fremu ya dhahabu, ilikuwa imekazwa kwa skrubu nne kwenye kifuniko cha kioo, ikitazama ndani, mahali ambapo mtoto angelazwa. Nyufa zilitambaa kutoka kwenye kila skrubu. Kwenye kitanda cha karibu Mwanamvua alikuwa ameketi wima, macho mekundu, kidevu juu ya utosi usiozidi ukubwa wa limau. Alimtazama Tamimu kama mtu anavyotazama ukuta.

"Ndiye huyu aliyeandika tumelala salama?" aliuliza.

Tamimu akaitikia kwa kichwa.

*

Siku ya Kufiksi ilipambazuka kwa matarumbeta. Uani mwa hospitali palijengwa jukwaa, zulia likatandikwa juu ya matope, na spika kubwa kama makabati zikapangwa pande mbili. Wagonjwa waliokuwa na sura mbaya walihamishwa nyuma ya jengo. Bwana Zahoro, Afisa Itifaki, mwanamume aliyenukia marashi mpaka inzi wakamkwepa, aliingia wodini na karatasi yake, Tamimu akimfuata kama mtu wa kubeba vitu.

"Mtoto atalazwa ndani saa tatu kamili," alisoma Bwana Zahoro. "Hotuba itachukua saa mbili na nusu. Picha zitapigwa mwisho."

"Alazwe wapi?" aliuliza Mwanamvua.

"Humo kwenye mashine, mama. Yeye ndiye shahidi wetu."

"Imewaka?"

"Imefiksiwa."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza imewaka?"

"Mama, mbona unakuwa mgumu? Ni picha tu."

Bi Staajabu akaingilia. "Bwana mkubwa, huyu akikaa kwenye kioo baridi kwa saa mbili na nusu, mtampiga picha ya maiti."

"Yanasemwa hayo siku kama ya leo?" Bwana Zahoro alisononeka kweli kweli. "Na wewe ndiye uliyeandika shukrani nzuri kama ile?"

Mwanamvua alizikaza ncha za kanga. "Kalale wewe kwanza," alimwambia. "Ukitoka hai, nitampa."

Baadhi ya wazazi walicheka, mmoja akapiga kigelegele. Bwana Zahoro hakucheka. Alitazama saa, akageuka. "Kijana. Mchukue mtoto umweke. Nakwenda kumpokea Mtukufu langoni. Nikirudi nimkute ndani." Akatoka, na marashi yake yakabaki.

Wote wakamtazama Tamimu. Alikuwa amesimama katikati ya wodi, mikono imening'inia. Alimtazama mtoto, akaitazama fremu ya dhahabu, kisha akasikia uani mtu akijaribu spika: moja, mbili, moja, mbili.

Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

"Kakimbia," alisema Mwanamvua. "Nilijua."

Hakukimbia. Nyuma ya jukwaa palikuwa na kisanduku cha kuzipa spika nguvu, na mtu wake alikuwa amekwenda kuona magari yakiingia. Kila chombo cha namna ile kina fyuzi mgongoni, naye Tamimu aliujua ukubwa wake kabla hajaitoa. Alirudi nayo ndani ya ngumi. Akatoa bisibisi, akakigeuza Kiota, akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa kipande cheusi, akachomeka kile kingine. Kisha akakigeuza tena, akang'oa skrubu nne za picha, akamlaza Mtukufu sakafuni kifudifudi, akaziba matundu kwa plasta.

Akawasha.

Taa ndogo ya kijani ikafunguka, na mlio mwembamba ukaanza, kama nyuki ndani ya mzinga wa mbali. Bi Staajabu alitia mkono ndani, akaungoja muda mrefu, akaubadilisha, akautia wa pili. Halafu akamkunjulia Mwanamvua kanga, akampokea mtoto, akamlaza. Mwanamvua alibaki mikono imekunjwa kifuani, imeshika hewa. Alikuwa amelala kabla kichwa chake hakijafika kwenye mto.

Uani Mtukufu Rais alipanda jukwaani akahutubia saa mbili na dakika arobaini. Mdomo ulifunguka, mkono ulipanda na kushuka, na spika hazikutoa hata mkwaruzo. Waliokaa safu ya mbele walipiga makofi kila aliponywa maji. Walipoona wale wamepiga, wa nyuma nao wakapiga. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba sauti yake ilipasua anga.

*

Tamimu alikamatwa jioni. Watu walidhani atashtakiwa kwa spika, lakini spika hazingeweza kuwa na kosa, maana zilikuwa zimeshukuriwa wiki moja kabla, na hotuba ilikuwa imesikika. Alishtakiwa kwa kuharibu mashine ya serikali.

"Mashine hii," alisema mwendesha mashtaka, "ilikuwa nzima tangu tarehe kumi na nne. Ushahidi upo. Tarehe ishirini na tano mshtakiwa akaifungua. Sasa ninaiuliza mahakama yako tukufu: kitu kizima mtu hukifungulia nini, kama si kukiharibu?"

Shukrani ikasomwa mbele ya hakimu, maneno yote, usiku na mchana, mpaka kwenye wamelala salama.

"Mwandiko huu unaujua?" aliuliza hakimu.

"Ni wangu," alisema Tamimu.

"Kumbe unajua kuandika. Miezi minane."

Bwana Shomvi, aliyeitwa kueleza tabia ya mshtakiwa, alisema alikuwa kijana mzuri lakini aliharakia maana ya kwanza.

Hakimu aliamuru mashine iletwe mahakamani kama kielelezo. Amri hiyo ilikwenda kwanza kwa watu wa ghorofa ya pili wafiksi tarehe, nao, kwa mara ya kwanza tangu waanzishwe, walimfaa mtu: walichukua wiki tatu nzima.

*

Barua ilimfikia gerezani mwezi wa pili wa kifungo chake. Askari wa lango, mzee mmoja aitwaye Mbwambo, aliileta imefunguliwa, akakaa nayo kwenye ngazi, amekunja uso.

"Hii siwezi kuiandikisha," alisema. "Nimeisoma mara tatu. Ni shukrani, sawa. Lakini inashukuru jambo lililokwisha kufanyika."

"Imetoka kwa nani, mzee?"

"Muuguzi. Nakala moja tu, na haina muhuri. Sina daftari la kuiingiza barua ya namna hii. Basi isome upesi, nijifanye sikuiona."

Tamimu akaisoma amesimama.

Mwanangu Tamimu. Nakuandikia asante, na safari hii naandika mwenyewe. Kiota kilifanya kazi siku ishirini na tatu. Mtoto ametoka na gramu elfu moja na mia nane, ananyonya kama mwizi. Mama yake angempa jina lako, ila ni msichana, basi amemwita Siwatu, na anasema hakukukusudia wewe. Kisha wakaja na gari kukichukua. Niliwaambia kina kazi, wakanionesha karatasi. Juzi nilikwenda mahakamani kuuliza kitarudi lini. Nimekikuta uchochoroni nyuma ya masjala, kimewashwa, taa ya kijani inawaka. Karani anatunzia humo maandazi yasipoe. Alinikaribisha moja. Ninaye mwingine sasa, wa kiume, gramu elfu moja na mia mbili. Yuko kifuani kwa mama yake, na mama ana homa.

Aliisoma tena pale penye maandazi. Kisha akaikunja, akaificha ndani ya shati.

"Nipe karatasi, mzee," alisema. "Nataka kuandika malalamiko."

Mzee Mbwambo alipapasa mfuko wa shati, akatoa fomu iliyokunjwa na kalamu iliyotafunwa. "Unaujua utaratibu. Mstari wa kwanza ni shukrani. Bila hiyo hawaisomi."

"Naujua."

Aliilaza fomu ukutani. Kalamu ilikataa mara mbili, akaipuliza, ikakubali. Mzee akachungulia juu ya bega lake, na kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko ule mzuri, akaliona neno moja likiandikwa polepole.

Sishukuru.